Mwanzi wa Manjano: Pambo la Bustani Linaloweza Kuwa Mali ya Nyumba

Anayepita katika bustani za miji yetu, hasa ile ya pwani, hakosi kukiona mahali fulani kichaka kikubwa cha mianzi yenye rangi ya manjano iliyopigwa mistari ya kijani. Watu hupumzika kivulini mwake, na maarusi hupigiwa picha mbele yake. Ni nadra mtu kujiuliza kama mmea huo una kazi nyingine zaidi ya kupendeza macho.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba mmea huo ni mali, na kwamba mali hiyo ina masharti yake. Asiyeyajua masharti hayo hupoteza jasho lake, kisha hulaumu mmea. Mtu mmoja akijenga banda la kuku kwa mianzi michanga isiyotayarishwa, na banda hilo likaanguka kabla ya masika ya pili, majirani wote husema kuwa mianzi haifai. Kesho yake panga hurudi msituni kutafuta fito, au huingia mikokoni kutafuta boriti. Kwa hiyo kumwelewa mgeni huyu wa bustani ni njia mojawapo ya kupunguza mzigo tunaoutwisha misitu yetu.

Ni mmea wa namna gani?

Wanasayansi huuita mwanzi huu Bambusa vulgaris. Neno vulgaris kwa Kilatini lina maana ya "wa kawaida". Aina yake ya manjano yenye mistari huitwa Vittata, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya utepe; na kwa kweli mistari ile ya kijani hufanana na tepe zilizofungwa kwa urefu wa kila pingili. Iko pia aina ya kijani kitupu, ambayo ni imara zaidi na hupandwa zaidi kwa kazi kuliko kwa pambo. Inaaminika kwamba asili ya spishi hii ni kusini-mashariki mwa Asia, lakini binadamu ameipanda kwa muda mrefu na katika nchi nyingi mno, hata imekuwa miongoni mwa mianzi iliyoenea zaidi katika nchi zote za joto.

Wengi hudhani kwamba mwanzi ni mti. La, mwanzi ni nyasi. Ni ndugu wa mahindi, mtama, mpunga na muwa. Anayetaka ushahidi na auweke muwa karibu na mwanzi: ataona pingili kwa pingili, vifundo kwa vifundo, na ala inayolikumbatia shina pale jani lilipoanzia. Tofauti kubwa ni kwamba muwa umejaa ndani, hali mwanzi huu una uwazi, na shina lake hugeuka kuwa gumu kama mbao.

Duniani kuna spishi za mianzi zaidi ya 1,600. Tanzania nayo ina mianzi yake ya asili. Katika misitu ya milima mirefu huota Oldeania alpina. Katika mikoa ya Iringa, Njombe na Ruvuma watu huuenzi Oxytenanthera abyssinica, ambao machipukizi yake hugemwa utomvu wa kutengenezea ulanzi. Katika misitu kama ile ya Usambara hupatikana Oreobambos buchwaldii. Mwanzi wa manjano hauna asili hapa petu. Ni mgeni aliyekwisha kuzoea.

Jinsi unavyokua

Chini ya ardhi mwanzi una shina jingine lililolala, ambalo wataalamu huliita rizomu. Kwa kulitazama shina hilo, mianzi hugawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza, ambalo ni maarufu huko China na Japani, lina rizomu ndefu inayotambaa mbali na kutoa chipukizi hata katika shamba la jirani. Kundi la pili lina rizomu fupi na nene, inayopinda mara moja kuelekea juu na kuwa shina jipya. Mwanzi wa manjano umo katika kundi hili la pili. Ndiyo maana hukaa pamoja kama kichaka, na kichaka hicho hupanuka polepole kutoka katikati kwenda nje. Mashina machanga huwa pembezoni na wazee huwa katikati. Mtunza bustani hana haja ya kuhofu kwamba utamvamia, ila aukumbuke upana utakaoufikia baada ya miaka mingi.

Chipukizi linapotokeza ardhini huwa tayari lina unene wake wote. Shina la sentimita 8 huzaliwa likiwa na sentimita 8, wala halitanenepa tena maisha yake yote. Mti wa kawaida una tabaka la seli chini ya gome ambalo huongeza mbao mwaka hata mwaka. Mwanzi hauna tabaka hilo. Kazi yake ya kwanza ni kurefuka tu, kwa kuzivuta pingili zilizokwisha kuumbwa ndani ya chipukizi, mfano wa darubini ya mkononi inavyofunguliwa. Katika muda wa miezi michache shina hufikia kimo chake, ambacho kwa kawaida ni kati ya mita 10 na 20. Kipenyo chake huwa kati ya sentimita 4 na 10, na kila pingili huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 45.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Shina lililomaliza kurefuka huonekana kwa macho kuwa limekomaa, kumbe ndani bado ni laini na limejaa maji. Kukomaa kwenyewe huanza baadaye, nyuzi zinapozidi kuwa nene na ngumu, na huchukua miaka mitatu hivi. Kwa hiyo unene na urefu havimwambii mkataji lolote kuhusu umri. Dalili ziko kwingine. Shina la mwaka wa kwanza bado lina ala zilizolishikilia, na ngozi yake hung'aa. Shina la mwaka wa tatu au wa nne ngozi yake imefifia, ina mabaka ya ukoga na kuvu, na ukiligonga hutoa sauti kavu. Njia iliyo rahisi na ya hakika kuliko zote ni kuandika kwa rangi, juu ya kila shina jipya, mwaka lilipozaliwa.

Mmea usiozaa mbegu

Mwanzi wa manjano huchanua kwa nadra sana, na hata unapochanua haujulikani kuzaa mbegu. Chavua yake ni dhaifu, kwa sababu mgawanyiko wa seli unaopaswa kuitengeneza huenda mrama. Shina lililochanua aghalabu hufa. Basi mmea huu umeienea dunia kwa mkono wa binadamu, kipande kwa kipande, kama tunavyofanya kwa migomba na mihogo. Kichaka kilichoko Tanga na kile kilichoko Zanzibar huenda vikawa mwili mmoja uliogawanywa.

Jambo hili lina faida. Mianzi mingine huchanua kwa pamoja baada ya miongo mingi, ikazaa mbegu tele na kufa. Katika jimbo la Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India, mwanzi uitwao Melocanna baccifera huchanua kila baada ya miaka 48 hivi. Panya huzaliana kwa kula matunda yake, na yanapokwisha huyaingilia mashamba ya mpunga. Njaa iliyofuata kuchanua kwa miaka ya 1958 hadi 1960 ilikuwa kali hata ikachochea uasi wa kisiasa uliolipuka mwaka 1966. Mwanzi wa manjano hautuletei msiba wa namna hiyo.

Hasara yake ni kwamba mimea iliyo mwili mmoja ina udhaifu mmoja. Ugonjwa utakaokishinda kichaka kimoja utaweza kuvishinda vyote. Kwa sababu hiyo mshauri mwenye busara hatamwambia mwananchi apande mwanzi huu peke yake, bali auchanganye na spishi nyingine, ikiwemo ile ya asili ya hapa nchini.

Kazi zake

Nguvu ya mwanzi inatokana na umbo lake. Ni bomba lenye uwazi, lililozibwa kwa ukuta mwembamba katika kila kifundo ili lisibonyee. Nyuzi zake ngumu zimesongamana zaidi upande wa nje, pale hasa shina linapovutwa na upepo. Mhandisi anayetaka nguvu nyingi kwa uzito mdogo angechora umbo hilo hilo. Lakini nyuzi hizo zote zimelala upande mmoja, na kwa hiyo mwanzi hupasuka kwa urefu kwa urahisi. Msumari uliopigiliwa moja kwa moja huupasua. Yafaa kutoboa tundu kwanza kwa keekee, kisha kufunga kwa kamba au waya.

Aina ya kijani na ile ya manjano zote hutumika kwa ngazi, uzio, fito za kuta za udongo, jukwaa la mafundi wa ujenzi, vitanda, viti, na miti ya kuegemezea migomba na nyanya. Mwanzi ukipasuliwa vijiti hutoa matenga ya kusafirishia nyanya na kuku. Huko kaskazini-mashariki mwa Brazili, katika karne ya 20, ulipandwa katika mashamba makubwa ili kutoa malighafi ya karatasi, kwa maana nyuzi zake ni ndefu. Mizizi yake mingi hushika udongo wa kingo za mito. Hata hivyo yapasa kuwa na hadhari: katika kisiwa cha Jamaika, mafuriko yamebeba vipande vyake na kuviotesha kando ya mito hata vikaisonga mimea ya asili. Anayepanda kando ya mto asitupe mabaki ya mianzi mibichi majini.

Tanzania ina historia yake katika matumizi ya mianzi. Katika miaka ya 1970 na 1980 palikuwa na mradi wa serikali, uliokuwa na makao yake mkoani Iringa, wa kupeleka maji vijijini kwa mabomba ya mbao na ya mianzi. Kuta za vifundo zilitobolewa kwa ndani, mashina yakaunganishwa, na maji yakapita. Wazo lilikuwa la kujitegemea, na katika fizikia yake halikuwa na kasoro. Taabu ilikuwa katika biolojia. Mwanzi uliozikwa ardhini uliliwa na mchwa na kuozeshwa na kuvu, na dawa kali za kuzuia maadui hao zilizusha maswali mazito kwa kuwa zilikuwa karibu na maji ya kunywa. Funzo la mradi huo linatuhusu hata leo: mwanzi haushindwi na uzito, hushindwa na viumbe wadogo.

Wanga na mdudu wake

Mwanzi huu huhifadhi wanga mwingi ndani ya shina lake ili kuwalisha watoto wake, yaani machipukizi yajayo. Wanga huo ndio unaomwalika mdudu mdogo mweusi mweusi aitwaye Dinoderus minutus. Hutoboa shina lililokatwa, hula wanga, na kuacha unga laini unaodondoka sakafuni. Baada ya miezi michache kiti hubaki ganda tupu.

Wakulima wetu wanamfahamu ndugu yake. Dumuzi, ambaye wengine humwita skania, aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kuteketeza mahindi ghalani mkoani Tabora tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ni wa familia hiyo hiyo ya wadudu. Mmoja hufuata wanga wa hindi, mwingine hufuata wanga wa mwanzi. Anayejua kulinda ghala lake amekwisha kuelewa nusu ya somo hili.

Mwanzi usiotayarishwa, ukigusa udongo au kunyeshewa mvua, hudumu mwaka mmoja hadi mitatu tu. Ukiwa ndani ya nyumba, mbali na ardhi, hudumu miaka minne hadi saba. Matayarisho mema huurefusha muda huo mara nyingi. Hatua zenyewe ni hizi.

Kwanza, kata mashina yenye umri wa miaka mitatu au zaidi, wala usiguse machanga. Mvumilivu hula mbivu. Pili, chagua wakati. Wanga huwa mwingi kabisa mwishoni mwa kiangazi, kabla machipukizi hayajatoka. Hupungua baada ya machipukizi kuutumia. Kwa hiyo ni afadhali kukata mvua zinapokwisha. Tatu, baada ya kukata, liache shina limesimama kichakani na majani yake kwa siku kadhaa, ili majani yaendelee kutumia sehemu ya wanga uliobaki.

Nne, ondoa wanga au uutie sumu. Njia ya wazee wa Asia ni kuyazamisha mashina katika maji, hasa yanayotembea, kwa majuma kadhaa; sukari na wanga hutoka, na mdudu hukosa chakula. Njia hii haigharimu kitu, lakini haizuii mchwa. Njia ya kisasa ni kutumia boraksi na asidi ya boriki. Kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki huyeyushwa katika lita 95 hivi za maji, na mashina yaliyotobolewa vifundo kwa ndani kwa nondo ndefu huzamishwa humo kwa siku kadhaa. Dawa hii ina madhara machache kwa binadamu kuliko zile za zamani, ila haifai kunywewa wala kumwagwa kisimani. Kwa vile huyeyuka majini, mvua huiosha. Basi mwanzi uliotiwa dawa hii uwe chini ya paa. Tano, kausha mashina kivulini, yakiwa yamesimama. Jua kali huyapasua.

Katika ujenzi wenyewe, kanuni ya mafundi wa nchi zenye mianzi ni moja: mpe mwanzi viatu na kofia. Viatu ni msingi wa mawe au saruji unaouinua kutoka ardhini, na kofia ni paa lililotokeza vya kutosha kuzuia mvua.

Chakula chenye sumu

Machipukizi ya mwanzi huu huliwa katika sehemu mbalimbali za Asia, ingawa spishi nyingine hupendwa zaidi. Lakini chipukizi bichi lina kemikali iitwayo taksifilini, ambayo hutoa sianidi linapokatwa au kutafunwa. Sumu hiyo si ngeni kwetu: ndiyo inayotoka katika muhogo mchungu. Tunakumbuka jinsi mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, muhogo ambao haukusindikwa vizuri ulivyohusishwa na ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu. Kwa bahati njema taksifilini huvunjika upesi katika maji yanayochemka. Anayetaka kula machipukizi ayamenye, ayakate vipande vyembamba, ayachemshe vizuri bila kufunika chungu, na kuyamwaga maji yale. Watoto wakatazwe kabisa kuyatafuna mabichi. Mifugo nayo isiachiwe majani bila kipimo, kwani huko Pará, Brazili, farasi waliokula majani mengi ya mwanzi huu walipatwa na ugonjwa wa mfumo wa fahamu.

Kupanda na kutunza

Nilipokuwa masomoni Ulaya, niliuona mwanzi huu ukitunzwa ndani ya nyumba ya vioo iliyopashwa moto majira yote ya baridi, na watu wakilipa kiingilio ili kuutazama. Huku kwetu nguzo mbichi iliyochomekwa kuwa ya uzio huweza kuchipua yenyewe. Kuupanda, basi, hakuna fumbo. Twaa shina la mwaka mmoja au miwili, likate vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, ulaze kila kipande kwenye mfereji wa kina kifupi, ufukie kwa udongo laini, na umwagilie. Mwanzo wa masika ndio wakati bora. Vipande vikishatoa mizizi huhamishiwa mahali pake pa kudumu, mbali na kuta na mabomba.

Katika miaka ya kwanza machipukizi huwa membamba, yasikatishe tamaa. Kila kizazi huwa kinene kuliko kilichotangulia, mpaka kichaka kifikie ukubwa wake. Katika aina ya manjano, mara moja moja hutokea shina la kijani kitupu. Ni kwa sababu mistari ile imetokana na koo mbili za seli, zenye klorofili na zisizokuwa nayo, na mara nyingine ukoo wa kijani hushika shina zima. Anayetaka kuihifadhi rangi na aling'oe shina hilo mapema.

Wakati wa kuvuna, kata karibu na ardhi, juu kidogo tu ya kifundo. Ukikata katikati ya pingili, utaacha kikombe kitakachojaa mvua, na humo watazaliana mbu, wakiwemo wale waenezao homa ya dengi. Usikikate kichaka chote kwa mara moja. Ondoa wazee wa katikati, waachie watoto wa pembezoni. Kichaka kilichopunguzwa hivyo hupata hewa na mwanga, na huendelea kutoa kila mwaka.

Hitimisho

Miti tuliyozoea kujengea hukua kwa miaka mingi na hukatwa mara moja. Kichaka cha mianzi kikianza kuzaa huvunwa kila mwaka bila kung'olewa. Lakini manufaa hayo hayamfikii mwenye haraka. Yanahitaji maarifa matatu yasiyo na gharama: kuujua umri wa shina, kuuondoa wanga wake, na kuuepusha na udongo na mvua. Shule yenye kichaka kimoja uwanjani inaweza kuwafundisha wanafunzi mambo yote hayo kwa kopo la rangi, msumeno na pipa la maji. Watoto waandike mwaka juu ya kila chipukizi la masika haya. Baada ya miaka mitatu watakuwa na mashina yenye umri unaojulikana, nao watakuwa wamejifunza kwamba pambo la uwanja wao lingeweza kujenga banda lao wenyewe.